Ukurasa wa Fundi Mwenye Mwanya

Msomaji mmoja alimwandikia mhariri wiki iliyopita. Aliuliza: "Huyu jamaa anayetusimulia mikosi yake kila Jumamosi, hivi ana aibu kweli?"

Ninayo, ndugu yangu. Ninayo ya kugawia mtaa mzima na nyingine ikabaki. Soma ya leo halafu uniambie.

Kwa aliyechelewa: mimi ni yule niliyefukuzwa kwenye duka la kuchapa kadi, baada ya kuchapa kadi mia nne za harusi zenye picha ya bibi harusi wa watu wengine. Nikakaa nyumbani miezi mitano nikiangalia dari. Mke wangu akachoka kuniangalia nikiangalia dari, akanishika mkono akanipeleka kwa mama yake.

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani. Si mshonaji, hapana. Yeye anatengeneza mashine zenyewe. Duka lake liko barabara ya nyuma, kati ya kinyozi na muuza magodoro. Alilianzisha na marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mwanya kwa sababu ya nafasi iliyokuwa kwenye meno yake ya mbele. Marehemu alikuwa ametengeneza tovuti ya duka kwa mikono yake mwenyewe, na tangu afariki hakuna aliyeigusa.

"Mkwe wangu," Mama aliniambia, "wewe si unajua kompyuta? Nitengenezee hii kitu iniletee wateja. Ikileta, ile kona ya mbele ni yako. Weka meza, tundika kibao chako, fanya kazi zako."

Mke wangu alinitazama. Lilikuwa jicho la mtu anayekupa nafasi ya mwisho na hataki useme chochote.

Kona ya mbele wakati ule ilikuwa na cherehani tisa. Zikumbukeni hizo, maana ndizo zilizonifikisha hapa.

*

Tovuti ya marehemu ilikuwa kioja.

Kijani kibichi mpaka macho yanauma. Unafungua, unapokewa na salamu. Salamu za asubuhi, salamu za wagonjwa, pole za wafiwa. Unashuka, unashuka, mpaka mstari wa ishirini ndipo unajua kwamba hapa wanatengeneza cherehani. Namba ya simu ilikuwa ndani ya picha ya kibao cha duka, na kibao chenyewe kimepigwa picha jua likiwa nyuma yake. Saa za kufungua hakuna. Jina la duka limeandikwa namna tatu.

Nilivua koti nikaingia kazini, na kazi niliifanya, msije mkasema najipaka matope tu. Juu kabisa nikaandika: Tunatengeneza cherehani za aina zote. Chini yake mtaa, saa za kufungua, na namba ya simu ambayo ukiigusa tu inapiga.

Halafu nikakaa na Mama nikamuuliza: "Wateja wakiingia mlangoni huwa wanasemaje?"

"Wanasemaje? Wanasema inaruka mshono. Inakata uzi. Inakula kitambaa. Imekuwa nzito."

"Basi hayo hayo ndiyo wanayoandika kwenye simu wakitafuta, Mama. Hakuna anayeamka asubuhi akatafuta huduma bora za ukarabati wa kitaalamu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Tukaupa kila ugonjwa ukurasa wake. Cherehani inaruka mshono. Cherehani inakata uzi. Yeye anaeleza, mimi naandika, kwa maneno yake yale yale, bila kuyavisha suti.

Wiki ya tatu simu zikaanza. Wiki ya sita Mama alikuwa anakula chakula cha mchana amesimama. Muuza magodoro akaja kuniuliza kama naweza kumfanyia na yeye. Mama akaanza kuniita Bwana Tovuti mbele za watu, na mke wangu akaanza tena kucheka na mimi jikoni.

Kichwa kikavimba. Na huku kichwa kinavimba, chini ya hizo sifa zote kulikuwa na uongo wangu umelala kimya.

*

Nirudi nyuma kidogo, kwenye wiki ya kwanza.

Marehemu alikuwa na ukurasa mmoja mrefu kuliko yote. Aliuita Zinazosubiri Wenyewe. Ni zile cherehani tisa za kona ya mbele. Watu walizileta kutengenezwa wakapotea, mwingine miaka mitatu, mwingine minane. Fundi Mwanya alizitengeneza zote, akakataa kuziuza. Kila moja akaibandika namba, na kila moja akaiandikia habari zake.

Mbili nazijua kwa moyo sasa.

"Namba tatu. Ya mkono, ndogo, nyekundu. Kaileta kijana mrefu, anacheka ovyo. Ni zawadi ya mchumba wake aliyesafiri. Kasema, fundi, akirudi tutakuja wote wawili. Mimi fundi mwenye mwanya nimemwambia sawa, nipo."

"Namba saba. Ya miguu, meza ya mbao nzito, ina alama ya pasi upande wa kulia. Droo ya kushoto ina vifungo vyekundu. Ya mama mshonaji, mwembamba, hapendi kusubirishwa. Kapokelewa na mke wangu. Kasema atarudi Ijumaa. Hakusema Ijumaa ipi."

Mimi nikaona takataka. Duka la watu linaeleza habari za mtu anayecheka ovyo! Nikaufuta.

Mama aliposikia akaweka bisibisi mezani. "Ule wa marehemu? Kwani hausomwi, mwanangu?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Hesabu ilikuwa mbele ya macho yangu, kwenye kompyuta. Katika kila watu mia walioingia kwenye ile tovuti kabla sijaigusa, sitini na moja waliingia kwa ukurasa ule. Sitini na moja! Zile salamu na pole hakuna aliyezitaka, lakini habari za zile cherehani watu walikuwa wanazitafuta na kuzisoma mpaka chini.

Nikamjibu: "Hata mtu mmoja, Mama."

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuwa nimeshaufuta na nimeshamwambia mke wangu kuwa ni upuuzi, na kona ile niliitaka. Lakini kilichonisukuma zaidi ni wivu. Mimi niliyesomea mambo haya, nina cheti ukutani, ninashindwa na mzee wa bisibisi ambaye hata rangi hajui kupanga, tena mzee mwenyewe yuko kaburini. Nilimwonea wivu marehemu. Hii ni mara ya kwanza nalisema hilo kwa mdomo wangu.

Mama akaiokota tena bisibisi yake.

"Basi kama hausomwi, tutakaa na vyuma vya watu mpaka lini? Lakini hatuuzi mali ya mtu kimya kimya. Weka tangazo pale mbele, siku thelathini. Mwenye yake aje. Asiyekuja, Mungu anajua tulimwita."

"Sawa, Mama."

Tangazo niliandika. Naapa niliandika. Ila nilipoliweka pale juu likaharibu sura yote ya ukurasa wangu. Nikalihifadhi kama rasimu, nikasema kesho nitalitafutia mahali. Kesho ikawa keshokutwa. Siku ya thelathini Mama akauliza: "Kuna aliyepiga?"

"Hakuna."

Na hapo sikusema uongo. Nani angepiga?

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mkokoteni wake. Siku hiyo nilijitia nina kazi mjini ili nisione. Niliporudi, kona ilikuwa tupu, imebaki meza moja tu niliyomwomba Mama aniachie. Ya mbao nzito, yenye alama ya pasi.

Ndiyo. Hiyo hiyo.

Hata kanyagio lake sikulitoa. Nikiwa nafikiri naweka miguu pale nakanyaga polepole, gurudumu linazunguka, akili inakuja. Vifungo vyekundu nikavitia kwenye chupa ya kioo, nikavipiga picha. Ndiyo picha iliyopo mbele ya tovuti mpaka leo. Kila mtu aliisifu.

Sasa tuje Jumanne.

*

Mama alikuwa ametoka kwenda kununua mikanda na sindano. Mke wangu yuko kaunta. Mimi niko mezani kwangu, nakanyaga, nawaza kibao changu nikiandike maandishi gani.

Akaingia mwanamke mmoja amevaa viatu vyeupe vya uuguzi, amemshika mkono bibi mmoja mwembamba.

"Samahanini. Hapa ndipo kwa fundi mwenye mwanya?"

"Ndipo," mke wangu akajibu. "Alikuwa baba yangu. Ametangulia, mwaka wa pili huu."

"Jamani. Poleni sana, dada." Yule muuguzi akasimama kidogo, hajui aendelee au aache. Kisha akafungua mkoba akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Niliitambua kabla haijakunjuliwa. Ilikuwa kijani kibichi.

"Huyu ni mama yangu. Alikuwa mshonaji. Alileta cherehani yake hapa, akaambiwa aje Ijumaa. Jumatano akapata kiharusi. Nikamchukua nikaenda kuishi naye mbali, kule ninakofanya kazi. Miaka sita hajasema neno likaeleweka. Mwaka jana maneno yakaanza kurudi moja moja. Jina langu bado halijarudi. Lakini kila siku ananiambia, kamuulize fundi mwenye mwanya, cherehani yangu tayari?"

Mke wangu akaweka mkono kifuani.

"Mimi sikujua ni fundi gani. Nilikuwa chuoni wakati ule. Siku moja nikaandika tu kwenye simu hivyo hivyo anavyosema. Fundi mwenye mwanya, cherehani, Ijumaa. Ukatokea huu ukurasa. Nikamsomea namba saba. Alilia, dada, na mimi nikalia. Nikaenda kuuchapa, nikaomba likizo. Likizo ikachelewa, nikawa nafungua kila siku nihakikishe bado ipo. Halafu siku moja ukapotea. Nikasema labda ni simu yangu."

Mke wangu akanigeukia. "Lakini si tuliweka tangazo?"

"Tuliweka," nikasema. "Siku thelathini nzima."

"Kaka, nilikuwa naingia kila siku. Sikuona tangazo."

Na mimi, msomaji wangu unayeuliza kama nina aibu, nilimjibu yule muuguzi: "Labda ni simu yako."

Akainamisha kichwa. Akaniamini. Akaitazama simu yake kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

"Dada," mke wangu akamwambia, "mume wangu ana mambo yake. Mzembe, sikatai. Maneno mengi, hilo nalo sikatai. Lakini mwongo si mwongo. Ngoja nikuonyeshe tangazo mwenyewe, limo kwenye kompyuta."

Na kompyuta yenyewe ilikuwa mbele yangu, mezani.

Wakati huo bibi alikuwa ameshaachia mkono wa mwanawe. Akaja taratibu mpaka kwenye meza yangu. Akapitisha kidole upande wa kulia, juu ya ile alama ya pasi, akairudia. Kisha akanigonga bega.

"We kijana, toka. Nina nguo ya watu."

Nikatoka. Akakaa kwenye kiti changu. Miguu ikatafuta chini, ikalipata kanyagio. Gurudumu likaanza kuzunguka, bila mkanda, bila chochote cha kuzungusha. Mikono akaiweka juu ya kompyuta yangu, vidole vimekaa sawasawa kama vinashika kitambaa. Akasukuma. Akatazama. Akasukuma tena.

Akainua macho, akaiona ile chupa ya kioo. "Vifungo vyangu," akasema. Halafu akaniangalia mimi, si mwanawe, si mke wangu. "Kichwa cha mashine kiko wapi?"

"Kiko... kiko kwa fundi mwenzetu, Bibi. Kinatiwa mafuta. Nakwenda kukichukua sasa hivi."

"Fundi mwenzetu yupi?" mke wangu akauliza.

Nilikuwa nimeshavuka barabara.

Nilipofika kwa kinyozi nikakumbuka kompyuta nimeiacha wazi chini ya mikono ya bibi. Hata ingejifunga, namba yake ya siri ni tarehe ya harusi yetu. Nikasimama. Nikawaza kurudi. Nikakimbia mbele.

*

Mnunuzi wa vyuma chakavu anaitwa Sumaku, kwa sababu hakuna chuma kinachompita. Nilimkuta uani kwake anapima mabomba.

"Bwana Tovuti! Umekuja kuniweka na mimi kwenye simu?"

"Vichwa vya cherehani, kaka. Tisa. Ulivibeba dukani kwa mama mkwe wangu."

"Vinane."

"Tisa!"

"Mimi nimezaliwa juzi? Vinane. Vilikwenda tanuruni wiki ile ile. Saa hizi ni nondo, viko ndani ya ukuta wa mtu." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Cha tisa mama mkwe wako alikikalia."

"Alikikalia vipi?"

"Alikikalia! Nimeinama nikichukue, yeye huyo kaketi juu yake. Anasema hiki hapana. Namwambia Mama, tulikubaliana tisa. Ananijibu, ukikitaka nibebe na mimi. Sasa wewe mama mkwe wako unamjua alivyo. Nani wa kumbeba?"

"Kilikuwa na karatasi ya namba. Namba ngapi, kaka? Fikiria vizuri."

Akakuna kidevu, akatazama mabomba yake, akanitazama mimi. "Saba."

Nilimkumbatia Sumaku na grisi yake yote.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga mluzi. Nilikuwa nimeshapanga na la kusema: kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba mimi ndiye niliyemshauri Mama akihifadhi. Nilikuwa nachagua tu nianze na sentensi ipi.

Vile vinane vingine havikunipitia kichwani hata mara moja. Nimewaeleza mengi leo, lakini mkitaka kujua aibu yangu iko wapi hasa, iko kwenye ule mluzi.

*

Nilisikia cherehani kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa inashona, sauti nzito, ya haraka.

Mama alikuwa amerudi. Kumbe kichwa namba saba kilikuwa chumbani kwake siku zote, chini ya kitanda, kimefungwa kwenye shuka. Alikuwa amekipachika mezani, amekitia mkanda mpya. Kompyuta yangu imehamishiwa kaunta. Bibi anakanyaga, kitambaa kinakwenda, na yule muuguzi amepiga magoti upande wa pili anakivuta.

"Vuta sawa," bibi akamkaripia. "Mzembe kama baba yako!"

Muuguzi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nikaona huo ndio wakati wangu.

"Mama!" nikasema. "Kumbe ulikihifadhi! Mimi nilijua tu..."

"Ulijua?"

Hakuniangalia. Alikuwa anapangusa mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja.

"Huyu nilimwahidi mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu. Nilimwambia Ijumaa utaikuta, basi nikashindwa kuitoa. Hizo nane aliahidi marehemu. Nikasema, vijana wa siku hizi wanajua mambo, mkwe wangu kawaita siku thelathini, kama wangekuwa hai wangekuja. Nikaziuza ahadi za mume wangu kwa neno lako."

Nikatazama kaunta. Mke wangu alikuwa mbele ya kompyuta, ameupa mgongo mlango. Kwenye kioo palikuwa na tangazo langu, zuri, limepangwa vizuri, na juu yake maneno mawili: Rasimu. Halijatangazwa. Pembeni yake ameifungua ile hesabu. Sitini na moja katika kila mia.

"Mke wangu," nikasema.

Hakugeuka.

Nikamwendea Mama, nikapiga magoti pale pale sakafuni kwenye vipande vya uzi. "Mama, nisamehe."

"Mimi unaniomba nini? Mimi sina cherehani iliyopotea." Akaniruka akaenda kuweka kitambaa chake ndooni. "Inuka, unachafua suruali. Mkeo amemaliza kazi yake. Nenda ukasome."

Nilisogea. Mke wangu akanipisha bila kunigusa, kama mtu anavyompisha mpita njia.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimemfundisha kubadilisha saa za kufungua kwenye tovuti. Nilimwambia ukijua hilo umejua yote, mengine ni hivyo hivyo. Na kweli alikuwa amejua yote. Ule ukurasa nilioufuta kumbe ulikuwa bado kwenye pipa la taka la tovuti, akautoa, akaurudisha mahali pake, na ukijani wake. Kila cherehani na habari zake. Juu kabisa ameongeza mistari yake mwenyewe:

"Namba saba imechukuliwa leo na mwenyewe. Nane zilizobaki ziliuzwa na kuyeyushwa bila wenyewe kuitwa. Aliyesema mliitwa ni mkwe wa nyumba hii. Alisema uongo. Mpigieni yeye."

Na chini yake namba. Haikuwa ya duka.

Maneno machache, yako juu, yanaeleweka na mtu yeyote. Nilimfundisha vizuri mno.

"Umeweka namba yangu?" nikauliza.

"Ukiigusa tu inapiga," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu niingie. "Si ndivyo ulivyonielekeza?"

"Lakini nitawaambia nini?"

"Mimi niliwaambia watu wewe si mwongo," mke wangu akasema. "Nimemwambia huyu dada hapa, mbele ya mama yake. Sasa mimi nimesema nini?"

Yule muuguzi akatazama pembeni kwa heshima, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilikuwa nafikiria wale watu sitini na moja. Kumbe wengine walikuwa kama yeye. Kumbe walikuwepo, kila siku, wanafungua simu zao kuhakikisha bado ipo.

Simu ikalia mfukoni mwangu.

Namba siijui. Niliiangalia ikilia. Nikamwangalia Mama.

"Pokea," Mama akasema. "Weka sauti ya nje, tusikie wote."

Nikaigusa.

"Haloo! Haloo!" Ilikuwa sauti ya mwanamume, anacheka, upepo unavuma nyuma yake. "Hapo ni kwa fundi mwenye mwanya? Nilikuwa nakutafuta mpaka nikakata tamaa! Leo nafungua hivi nakuta ukurasa umerudi. Sijasoma hata kilichoandikwa, nimegusa namba hapo hapo! Mimi ni wa namba tatu, fundi. Ile ndogo ya mkono. Unanikumbuka?"

Mke wangu akafunika mdomo kwa mkono.

"Fundi, amerudi!" yule mtu akapiga kelele. "Nakwambia amerudi! Miaka yote ile, na yuko hapa pembeni yangu. Nilikuahidi tutakuja wote wawili au sikukuahidi? Tuko njiani!"

"Muulize kama bado ni nyekundu," ikasikika sauti ya mwanamke karibu naye, na yeye anacheka.

Bibi akaacha kukanyaga. Gurudumu likazunguka kidogo, likasimama. Duka zima likawa linanitazama mimi, na Mama akavuta kiti akakaa, kama mtu aliyekuja kusikiliza.

"Haloo?" yule bwana akasema, bado anacheka. "Fundi? Upo?"